Siku Niliyofungiwa na Mkwe Wangu Ndani ya Tukutuku

Siku ile tulikuwa nani na nani? Naanza na hilo, kwa sababu nikisikia watu wa Bwera wakiisimulia sasa, hata waliokuwa sokoni wanajiweka ndani. Katika tukutuku tulikuwa watatu. Mimi, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, niliyezeeka naye kwenye ua mmoja, na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa tatu, mwenye tukutuku yake. Kule Kasese, nyumbani kwa mwanangu, alikuwepo mwanangu mwenyewe, kifungua mimba wangu, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Alikuwepo binti yake, mjukuu wangu, ambaye siku ilikuwa yake. Alikuwepo kijana wa Kisinga aliyekuja kumposa, na shangazi wa yule kijana, na mzee aliyekuwa msemaji wa upande wao. Wengine walikuwa wengi, walikuja kwa sababu ya nyama, sitawahesabu. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya mama za baba zao. Ila mjukuu wangu aliniomba nisiyaweke kwenye karatasi, maana watu hawa bado wanaonana kanisani. Basi nitawaita kwa undugu, na wenyewe watajijua.

Kwanza lazima nieleze jambo la mkwe, bila hilo hamtaelewa kitu. Jinsi nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawashikani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na mtu akikuuliza kwa nini, unamwambia ni heshima, basi. Vijana wa sasa wamelegeza, wengine wanakumbatia mama wakwe zao mlangoni mwa kanisa na mimi naangalia pembeni. Lakini mkwe wangu huyu ametoka upande wa pili wa mpaka, Kasindi, na mambo haya mama yake alimfundisha vizuri. Alikuwa amemwoa binti yangu miaka kumi na moja, na uso wake nilikuwa sijauona sawasawa. Nilimjua kwa viatu. Nilimjua kwa kikohozi. Akiniletea unga kutoka kwenye mashine ya kusaga, anapiga honi mara mbili pale kwenye ua, mimi naingia jikoni. Akishashusha gunia anapiga mara moja, natoka. Hivyo ndivyo tulivyopendana, na tulipendana sana.

Tukutuku yake, wengine mnasema bajaji, ilikuwa ya abiria, lakini yeye aliona turubai halitoshi. Aliipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaifunga pande zote kwa milango miwili ya bati na madirisha ya plastiki ngumu. Ikawa kama kachumba kanakotembea. Huku kwetu chini ya milima mvua haitoi taarifa. Inaponyesha, watu wa boda wote wanajibanza kwenye baraza za maduka, na yeye anapita katikati ya barabara peke yake, abiria wake wakavu. Wajawazito aliwafikisha hospitali ya misheni Kisinga bila tone kuwagusa. Jua likiwaka, ah, hapo ilikuwa tanuri. Na mlango wa kushoto ulikuwa haufunguki kwa ndani. Ilibidi utoe mkono dirishani uvute komeo la nje. Binti yangu alikuwa anasema mumewe ametengeneza jela. Lakini siku za mvua alikuwa wa kwanza kuingia jelani.

Mimi sikuwa nimewahi kuipanda. Ningeipandaje, na dereva ni yeye?

Sasa siku ya kutambulishana kwa mjukuu wangu niliamua kubaki nyumbani kwa sababu ya nyonga. Boda siwezi kupanda, mguu haupiti juu, na gari la abiria wanakukunja kama nguo za sanduku. Nilitoa baraka zangu jana yake, binti zangu wote wakaenda Kasese kupika, nikabaki na wifi yangu tunachambua maharage. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la Mpondwe. Saa tatu asubuhi simu ikalia. Mwanangu.

"Mama, tumekwama."

"Mmekwama wapi?"

"Kwa mama yako."

"Mama yangu amefanya nini tena? Si amelala kaburini?"

Akanieleza. Shangazi wa yule kijana amesimama mbele ya watu wote akasema ndoa haiwezekani, watoto hawa ni damu moja. Anasema mama yangu mimi na mama wa babu yake kijana walikuwa mtu na dada yake, tumbo moja, wote wachimba chumvi wa Katwe, kule ziwani, na kwamba alipokuwa mdogo aliwasikia kwa masikio yake wakisemwa hivyo. Kwetu hilo si jambo la kucheka. Watoto wakiwa wa damu moja, hata kama wamependana namna gani, kila mtu anachukua mtungi wake anarudi kwao.

"Si kweli," nikasema. "Weka simu sauti kubwa, niwaambie."

Akaweka. Nikaanza kwa babu yangu. Sikufika mbali, mzee msemaji wao akanikata, kwa adabu lakini akanikata.

"Mama, tunakusikia. Ila simu haina uso. Maneno ya ukoo tunayataka kutoka kwenye mdomo tunaouona. Hatujala, na hatutakula mpaka jambo hili liishe. Tutakaa hapa mpaka saa nane. Ikifika saa nane, tunaaga."

Wageni wakiaga bila kula, posa imekufa. Hakuna anayehitaji kueleza zaidi. Nyuma ya simu nilimsikia mjukuu wangu analia, kilio kile cha mtu aliyeziba mdomo kwa kitenge.

Nikamwangalia wifi yangu. "Leo soko. Magari yote yamejaa muhogo na samaki. Nitafika na nini?"

"Na tukutuku ya mkwe wako."

"Wewe! Nikae chumba kimoja na mkwe?"

"Si chumba. Ina matairi."

"Milango si inafungwa?"

"Nitakuwepo katikati yenu," akasema, tayari anafunga mshipi wa gomesi yake, gauni lake la sherehe. "Mimi nitakuwa ukuta."

Kwa ukuta alitosha kabisa. Wifi yangu ni mwanamke aliyejaa, Mungu alipomuumba hakubania. Mimi nimekauka, upepo ukivuma nashika mlango. Akampigia mkwe, na haikupita muda nikasikia honi mara mbili pale uani. Miguu yangu ikageuka yenyewe kuelekea jikoni. Wifi akanishika kiuno, "Leo huku," akanisukuma mpaka garini. Mkwe alikuwa amegeuka anatazama mgomba, mgongo kwetu, amesimama wima kama askari. Nikaingia. Wifi akakaa kulia, mimi nikajikunja kwenye kona ya kushoto kabisa, bega kwenye bati.

Halafu nikaona kioo. Kile kidogo cha ndani, juu ya kichwa cha dereva, kinachomwonyesha nyuma. Nilipoinua macho nikakuta macho yake yanakuja. Nikapiga yowe, yeye akapiga breki na hata hatujaondoka. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikampa wifi, wifi akakifunga juu ya kioo. Hapo ndipo tulipoanza safari, dereva asiyeona nyuma na mama mkwe asiye na kitambaa.

Nataka kusema kitu kuhusu jinsi tukutuku inavyokwenda, maana nilijifunza siku moja kuliko wengine mwaka mzima. Boda ina njia moja ya tairi, shimo inalipita pembeni. Gari lina njia mbili, shimo linaliweka katikati. Tukutuku ina njia tatu. Ukilikwepa shimo kwa tairi la mbele, la nyuma linalikuta, na likilikuta wewe uliye juu yake unajua. Kila shimo kati ya Bwera na Kisinga lilinisalimia kwa jina.

"Mwambie mkwe aende polepole," nikamnong'oneza wifi.

Wifi akagonga bati. "Mama anasema unakwenda kama unasindikiza maiti. Ongeza!"

"Sikusema hivyo!"

"Ambia mama," mkwe akajibu, macho mbele, "mashine iko na nguvu kidogo, na batu beko bazito."

"Batu wangapi?" wifi akauliza. "Nani mzito? Mama yako mkwe si unyoya? Mtaje unayemsema!"

Nilimwona mkwe mabega yanatikisika, na kumbe mtu anayecheka unaweza kumjua hata kwa mgongo.

Tukapita Kisinga. Mbele yake kuna kilima, si kikubwa, gari halikijui, lakini ile tukutuku ilikijua. Ilianza kunguruma, ikashuka gia, ikashuka tena, ikafika mahali inalia tu na miti ya pembeni haisogei. Mkwe akasimamisha. Akakohoa.

"Ambia mama mukubwa," na hapo alikuwa anamwambia wifi mwenyewe, maskini, kwa heshima akashindwa kumtaja, "kama mutu moja anaweza kutembea mpaka pale juu..."

Mtu mmoja. Mimi na nyonga yangu? Wifi akashuka huku anaguna. Tukutuku ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikapanda kilima. Tulipofika juu tukasimama kumsubiri. Tukasubiri. Mara ikaja boda kutoka nyuma yetu, mbio, na juu yake wifi yangu, gomesi imejaa upepo, anapunga mkono kama mbunge.

"Natangulia!" akapiga kelele akipita. "Nitawazuia wasitoke! Fuateni!"

Na akapotea, ukuta wetu wote, juu ya boda.

Tukabaki wawili ndani ya bati, milango imefungwa. Nilisikia saa ya mkono wake inapiga. Ningeweza kushuka. Niliwaza kushuka, nawaambieni ukweli, mkono ulikuwa tayari dirishani kutafuta lile komeo. Halafu nikamsikia tena mjukuu wangu analia kwenye simu, nikarudisha mkono. Mkwe akaondoa gari.

Mkishuka kule mnaingia uwanda, kwenye mbuga, ambako hakuna nyumba wala mgomba wa kuzuia upepo. Tukutuku ya wazi upepo unaipita ndani. Hii yetu iliyofungwa upepo ulikuwa unaigonga ubavuni kama mtu anayesukuma kabati. Ulikuwa unatoka kulia, na kulia hakukuwa na mtu, na mimi uzito wangu wote mdogo ulikuwa kushoto, kwenye kona, mbali na shingo ya mkwe. Ikaja kona ya kulia. Tukaingia nayo. Nikahisi upande ule wa kulia unakuwa mwepesi, mwepesi sana, halafu sauti ya tairi la kulia ikakoma kabisa. Lilikuwa hewani. Nikaona majani ya kando ya lami kupitia dirisha langu, karibu mno. Kisha, pu! likarudi chini.

Mkwe akasimama pembeni. Alikuwa anahema. Nami nilikuwa nahema. Hakuna wa kutupitishia neno. Akaweka mkono juu ya usukani, akaupapasa kama kichwa cha mtoto.

"Tukutuku," akasema. "Nakuomba. Ambia mama akae pa katikati. Ile kona iko hatari."

Katikati ni nyuma ya mgongo wake hasa. Magoti yangu yangegusa kiti chake. Nikafikiri. Kama yeye anasema na tukutuku, kosa liko wapi?

"Tukutuku," nikasema, "mwambie bwana wako hapo katikati siwezi. Atafute njia nyingine."

Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa kulia huku amegeuza uso, akaanza kupakia mawe. Matatu, ya pembeni ya barabara, makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Akayapanga pale alipokuwa amekaa wifi. Tukaendelea, mimi na mawe. Kona ya kwanza mawe yakatulia, nikaanza kuyasifu moyoni, angalau hayasengenyi. Kona ya pili ilikuwa ya kushoto. Mawe yote matatu yakateleza, yakagonga mlango wa kulia, mlango ukafunguka, jiwe moja likatoka. Likavingirika kwenye lami nyuma yetu, na hapo hapo honi ya lori ikalia mgongoni kwetu, honi ya kupasua masikio. Lilikuwa pale muda gani? Mkwe hakulijua. Angelijuaje, kioo chake kimevaa kitambaa changu?

Lori likatupita kwa kupepesuka, dereva wake ametoa kichwa nje anatutukana kwa Kiganda na Kiswahili, mama zetu wote wawili. Tukutuku ikayumba kwa upepo wa lile lori mpaka nikashika kiti kwa kucha.

Nikaona ujinga wetu wote mara moja. Heshima yangu ilikuwa karibu ituue sote wawili, na pale Kasese watu wangeaga wakati sisi tumelala mtaroni na mawe yetu. Nikayasukuma yale mawe mawili nje. Nikasogea katikati. Nikanyoosha mkono juu ya bega lake bila kumgusa, nikavuta kitambaa kutoka kwenye kioo, nikajifunga kichwani.

Na macho yake yakawa pale.

Nilikuwa nimemweka kichwani kama kijana mwembamba niliyemwona mgongo siku ya harusi. Kumbe alikuwa mtu mzima. Nyusi zake zilikuwa na mvi. Alikuwa na makovu madogo ya tetekuwanga pembeni ya jicho, na jicho lenyewe lilikuwa limejaa machozi, sijui ya upepo, sijui ya hofu, sijui ya kicheko, kwa maana mara nikamwona anajizuia kucheka, na mimi nikashindwa kujizuia. Nikacheka mpaka nyonga ikauma. Yeye akacheka mpaka akazima mashine kwa bahati mbaya.

"Tukutuku," nikasema nilipopata pumzi, "mwambie bwana wako atazame mbele. Saa sita na nusu hiyo."

Kuanzia hapo tulikwenda kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. "Tukutuku, kulia inakuja," anasema, nami nalalia kulia. "Tukutuku, kushoto," nalalia kushoto. Nilijifunza kulala kabla ya kona, si ndani yake. Nilijifunza kunyanyuka kidogo kwenye shimo, nikishika bomba la juu. Mahali fulani tembo wawili walikuwa wamesimama karibu na barabara, mkwe akazima mashine tukangoja, kwa tembo milango ile ya bati ni karatasi tu, na tulipokuwa tunangoja nikaiuliza tukutuku kama bwana wake amekula. Ikanijibu kwamba hajala tangu jana. Nilikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye kikapu, nikaweka miwili kwenye kiti cha mbele, pembeni yake, nikaangalia dirishani akila. Tembo wakaondoka bila haraka yoyote, wao hawana mjukuu wa kuposwa.

Tuliingia Kasese saa nane imeshapita. Tukutuku ikapenya kwenye vichochoro ambavyo gari lingekataa, ikageuka mahali pa kugeuza baiskeli, ikasimama mlangoni kwa mwanangu. Sasa kushuka. Siku zote wifi hunishika. Mkwe akasimama nje, anatazama pembeni, akafikiri, akachukua chuma cha kuzungushia jeki, akaninyooshea ncha moja. Nikashika ncha yangu, yeye akashika yake, akanivuta taratibu mpaka miguu ikafika chini. Mkono wake sikuugusa. Chuma tulikigusa wote.

Na pale mlangoni, jamani, wifi yangu alikuwa ameketi. Ameketi chini mlangoni kwa ubavu, mgongo kwenye mwimo mmoja, miguu yote miwili ameinyoosha mpaka mwimo wa pili. Ndani wageni walikuwa wamesimama, mikoba mikononi, shangazi wa kijana mbele yao. Hakuna mtu mwenye akili anayeruka miguu ya mwanamke mzee.

"Mama, tafadhali," mzee msemaji alikuwa anasema, "kunja miguu tupite."

"Ingekunjika ningeikunja," wifi akajibu. "Imekufa ganzi. Nimetoka Kisinga kwa boda, unajua nyinyi mnavyokaa mbali?" Akanigeukia. "Umechelewa! Nimebana haja ndogo saa nzima!"

Wakarudi wakaketi. Nikaketi kwenye mkeka, nikaomba maji, nikanywa. Mjukuu wangu alikuwa amejificha nyuma ya pazia la chumbani, niliona vidole vya miguu yake tu.

"Shangazi," nikamwambia yule mama, "wewe ulisikia kweli. Waliitana dada. Na wote wawili walikuwa na jina moja, lile la msichana wa pili, kwa sababu kwetu jina linakuja na zamu ya kuzaliwa, na wasichana wa pili tumejaa nchi nzima. Lakini dada wa tumbo, hapana."

Kisha nikaanza. Baba wa mama yangu. Wake zake wawili. Watoto wa nyumba ya kwanza, mmoja mmoja, waliokua na waliokufa. Mama yangu wa pili kwa wasichana, mwenye shamba lake la chumvi pale ziwani, visigino vimepasuka kwa chumvi mpaka alipozikwa. Nilipomaliza wetu, nikaanza wao. Baba wa yule bibi yao, mtu wa juu mlimani, si wa ziwani kabisa. Kaka zake watano. Jinsi alivyokuja Katwe akiwa ameshaolewa, na mzigo wa unga wa muhogo wa kubadilisha na chumvi, hana pa kulala, na mama yangu akamkaribisha kibandani. Kila msimu walilala kibanda kimoja, mkeka mmoja, sufuria moja. Mimi nilibebwa mgongoni na yule bibi yao. Nakumbuka shingo yake ilikuwa na ladha ya chumvi, maana nilikuwa nailamba.

Shangazi alikuwa amekunja mikono. Akaanza kuifungua.

"Kaka zake umesema watano? Sisi tunajua wanne."

"Wa nne alikufa kwa surua, hajaota hata meno yote." Nikamtaja.

Akanisogelea. "Rudia jina hilo."

Nikarudia. Akamwambia kijana atafute kalamu. Basi mimi nikataja upya, polepole, na yule yule aliyesimama kuvunja posa akawa ananiinamia, "Na mke wa wa tatu? Na watoto wao walikwenda wapi?" Alikuwa anaandika kwenye bahasha, kisha pembeni mwa bahasha, kisha kwenye kiganja. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa kalamu, shavu likawa la bluu.

"Mzee," akamwambia msemaji wao, "hawa si damu yetu. Hawa ni watu waliotupa mahali pa kulala."

"Basi," mzee akasema, "mbona chakula kinapoa?"

Vigelegele vya siku ile sijavisikia tena. Pazia lilikatika, mjukuu wangu akatoka akajirusha kwenye mapaja yangu na nyonga yangu yote, nikapiga yowe, watu wakadhani ni la furaha, na lilikuwa.

Lakini mzee msemaji hakuwa amemaliza. Alikuwa mtu wa macho. Alipokuwa anashushia ugali wa muhogo kwa mchuzi akauliza, kama hana nia, "Na huyu mama yetu amekuja na nani kutoka Bwera?"

Nje dirishani tukutuku ilikuwa inaonekana, na mkwe amejikunja kwenye kivuli chake, hawezi kuingia nilipo.

"Na mkwe wake," wifi akasema. "Nilikuwa ukuta."

"Ukuta ulifika hapa kwa boda saa nzima kabla."

Nikaona aibu mpaka masikio. Mwanangu akaanza kujitetea kwa niaba yangu. Mzee akamnyamazisha kwa kijiko. Akasema mama huyu amevunja heshima ili watoto wetu waoane, na sisi tuliomlazimisha aje tuna kosa pamoja naye. Kwa hiyo mkwe alete kuku, na mimi nilete unga, na upande wao waongeze kuku wa pili. Vipikwe pamoja, tule sote, na baada ya hapo hakuna atakayetusema. Kwa wazee wetu jambo kama hilo lilikuwa na njia yake ya kuondolewa, na njia yake ni hiyo, tena ina mchuzi.

Tulifanya wiki mbili baadaye, nyumbani kwangu Bwera. Baada ya kula, mkwe wangu akaja akapiga goti mbele yangu mchana kweupe, uso wote, mvi zote.

"Jambo, mama."

"Jambo, baba."

Miaka kumi na moja, na hilo ndilo tulilokuwa nalo. Tukatazamana. Halafu akasema, "Mama, ile kona ya kwanza, kama hungekuwa umekaa kule pembeni..." nami nikasema, "Kama wewe hungeingia nayo mbio," tukaanza kubishana kuhusu kona ile mpaka binti yangu akatuomba tunyamaze. Mjukuu wangu alifunga ndoa kanisani, na shangazi wa mumewe hukaa nami kila akija soko la Mpondwe, ana daftari sasa.

Kama ulikuwepo, au bibi yako alikuwepo, na umesoma hapa jambo nililolipindisha, nisahihishe. Labda tembo walikuwa watatu. Labda ni Jumanne na si Ijumaa, zote ni siku za soko. Mkwe anasema mawe yalikuwa manne, mimi nasema matatu, na niliyekaa nayo ni mimi, lakini nitasikiliza. Usinitumie ujumbe. Njoo mwenyewe nikuone mdomo, na ukija na jina la mtu niliyemsahau, chai ipo.